Mwosha Chupa wa Bahari Kuu

Niliposhuka Arua na sanduku langu la bati, mikono yangu ilikuwa imeoa kabla yangu. Vidole vyote kumi vilikuwa vyeusi nchani, kiganja cha kulia kilikuwa cheusi karibu chote, na kucha ndizo usiseme. Kwetu sisi, watu tuliotokana na askari wa Kisudani wa zamani, mikono ya namna hiyo ina maana moja tu. Bwana harusi hupakwa hina kwenye ncha za vidole na kiganjani, tena na tena, mpaka wekundu ufe na weusi ukolee. Wiki nzima baada ya harusi hakuna haja ya kumwuliza mtu kama ameoa. Unamtazama tu anavyoshika kikombe. Nami nilikuwa na mchumba Koboko, na sikuwa nimemwoa bado.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa msaidizi katika maabara moja ya samaki, mbali na nyumbani, kazi yangu kupima maji ya ziwa. Meli ya utafiti ikatia nanga Mombasa ikaomba vijana wa maabara kutoka nchi zetu. Mkubwa wetu akauliza nani haogopi bahari, nikanyoosha mkono. Ningeiogopaje na sijawahi kuiona? Maji makubwa niliyoyajua utotoni yalikuwa Naili pale Pakwach, na mara ya kwanza kuyavuka nilikuwa nimelala.

Siku tatu za kwanza baharini nilitapika hata vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Mpishi wa meli, Mswahili wa Mombasa, alikuwa akija kunitazama na kucheka, kwanza kwa kutapika kwangu, pili kwa Kiswahili changu. Nilimwambia "tumbo yangu iko mgonjwa," akaenda kuwaita wenzake waje wasikie. Siku ya nne nikasimama, nikapewa kazi.

Kazi yenyewe niieleze, maana ndiyo iliyoniponza. Meli ilikuwa ikisimama kila baada ya masafa fulani, unateremshwa waya wenye mitungi ya shaba, mmoja juu ya mwenzake, midomo wazi, mpaka huko chini kusikofika mwanga. Halafu kipande cha chuma kinaachiwa kiteleze kwenye waya. Kikiugonga mtungi wa kwanza, unapinduka na kujifunga na maji ya kina kile ndani yake, kisha unaachia chuma kingine kiende kuugonga wa pili. Kila mtungi una kipimajoto ubavuni. Kikipinduka, zebaki yake hukatika ikabaki pale pale, ili hata ukikivuta juu kwenye jua kali bado kikuambie baridi ya huko kilikotoka. Mara ya kwanza kuigusa ile shaba iliyotoka chini, nilishtuka. Ilikuwa ya baridi kama imelala nje msimu wa mvua, na sisi huku juu tunatokwa jasho.

Sasa, mimi sikuteremsha waya. Sikusoma vipimajoto pia. Mimi nilikuwa mwosha chupa. Mitungi ikifika juu, nilikuwa nakinga maji yake katika chupa za kioo, nasuuza kila chupa mara tatu kwa maji ya mtungi ule ule, najaza, nafunga, naandika namba, nabeba kreti hadi maabara. Huko kulikuwa na mashine ya umeme ya kupima chumvi, lakini ilikufa wiki ya pili, tukarudi kwenye njia ya kizamani: unadondosha dawa yenye madini ya fedha ndani ya maji ya bahari, tone kwa tone, na unakoroga. Maji yanakuwa meupe, halafu ghafla yanageuka rangi ya tofali. Unasoma dawa ilipofikia kwenye mrija, na hapo unajua chumvi ni kiasi gani. Mkubwa wa maabara alikuwa dada mmoja wa Kizungu, mdogo kwangu kwa miaka miwili. Yeye alikuwa akidondosha na mimi nakoroga. Baadaye, alipochoka, mimi nikawa nadondosha pia.

Na nisifiche: kabla ya kuwa mwosha chupa mzuri nilikuwa mwosha chupa wa balaa. Kwetu huwezi kumwekea mgeni maji kwenye chombo kilichosuuzwa kwa maji ya chumvi. Mama yangu angekufa kwa aibu. Basi siku moja, nikiwa peke yangu na zile chupa, roho ikanisuta. Nikaenda kwenye bomba la maji matamu, nikazisuuza zote vizuri, nikaziacha na unyevu wake, nikajaza. Jioni yule dada akapima mara ya kwanza. Akapima mara ya pili, akawaita wenzake. Walikuja mpaka wazee wenye ndevu. Kumbe bahari ilikuwa imepungukiwa chumvi, tena mahali ambapo haijawahi kupungukiwa. Wakatandaza ramani mezani, wakaanza kubishana kama kuna mto unaopita chini ya bahari. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuanza kuandika. Nami nimesimama pale na kitambaa begani, najivunia chupa zangu zinavyong'aa! Ndipo yule dada akaniuliza, taratibu, niliziosha kwa maji gani.

Hakunipigia kelele. Alikunja ramani tu. Tangu siku ile nilisuuza kama mtu anayeswali, mara tatu, sijaongeza wala kupunguza. Mwisho wa safari aliniambia mbele ya watu kwamba katika meli tatu alizopanda hajapata kuona chupa zilizotunzwa vile. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizopata ujanani. Na katika barua zangu zote za Koboko sikuiandika hata mara moja.

Barua ndizo sasa. Nilikuwa naandika kila wiki, na tukifika bandarini natuma fungu zima. Mchumba wangu alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na ndiye aliyekuwa akiwasomea kwa sauti uani baba yake, shangazi zake na majirani. Nilijua hivyo, ndiyo maana kichwa kilinivimba. Niliandika kwamba nina ofisi ndani ya meli. Niliandika kwamba vijana wa Kizungu wananiletea maji, nami natoa hukumu tu: haya yana chumvi, haya hapana. Kuna moja, haki ya Mungu, niliandika kwamba nahodha hageuzi usukani kabla ya kuja kuniuliza. Nahodha huyo siku moja tulikutana kwenye ngazi, akaniita kwa jina la mpishi.

Mikono je? Siku ya mwisho kabla ya Mombasa meli iliyumba, chupa kubwa ya ile dawa ikaanguka kutoka mezani, nami nikaidaka kwa mikono miwili kama mtoto wa mtu. Kizibo kikatoka. Dawa ile haina rangi, ukiiona utadhani ni maji. Nikaosha mikono nikalala. Asubuhi nikatoka juani kufunga mizigo, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo vidole vilivyozidi kuwa vyeusi. Yule dada wa maabara alicheka, akasema ngozi itajibadilisha yenyewe baada ya majuma mawili. Akanipa kichupa cheusi chenye mabaki ya dawa, pamoja na chupa moja ya maji ya vilindini, nikawaonyeshe watu wetu. Mimi nikafikiria treni na basi. Sikufikiria hina hata kidogo.

Nilifika Arua Jumapili. Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani Manibe, jembe begani. Alinikumbatia, akashika mikono yangu, akaigeuza, akaangalia nyuma yangu.

"Bibi iko wapi? Wewe naacha yeye kwa stesheni?"

"Mama, hapana bibi. Hii iko dawa ya kazi."

Sabuni wakati ule ilikuwa haipatikani, mtu anaficha kipande kama dhahabu. Mama alikuwa na nusu mche chini ya kitanda, ameuweka kwa ajili ya Idi. Aliutoa, akaanza kunisugua. Ukaisha wote. Akatumia majivu, akatumia mchanga, akatumia limau. Ngozi ilitoka, weusi ukabaki. Mwisho aliketi chini, jasho linamtoka, akasema, "Hina ya Mombasa iko na nguvu."

Hapo nikamweleza kila kitu: chupa, kusuuza, kukoroga, nahodha. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka sana kwa furaha kwamba hakuna mkwe aliyefichwa. "Basi kesho kwenda Koboko, sema hivyo."

"Siwezi, Mama. Mimi naandika kwao kwamba mimi iko mkubwa. Nitasema sasa naosha chupa?"

Akaacha kucheka. "Kuosha iko aibu? Mimi nalisha wewe, nasomesha wewe, kwa kuosha nguo ya watu wa Arua Hill. Miaka kumi na mbili." Akaokota jembe lake akaenda kulisafisha. Mimi nilibaki nimekaa pale pale, jitu zima, natazama vidole vyangu.

Mngedhani maneno hayo yalinitosha. Wapi! Jumatatu asubuhi nilikwenda sokoni nimeingiza mikono mfukoni, lakini kuna wakati mtu lazima apokee chenji. Mama mmoja Mkongo, aliyekuwa akiuza vitenge Arua na Koboko zamu kwa zamu, akaiona. Hakuniuliza kitu. Alifunga vitenge vyake, akadandia lori la tumbaku, na kabla ya adhuhuri Koboko nzima inajua. "Ule mutu wa bahari ameoa! Minaona na macho yangu!"

Jumanne akarudi na ujumbe kutoka kwa baba mkwe: kama nimeoa niseme, yeye ni askari mstaafu, amesikia mabaya kuliko hayo. Nikamtuma yule mama aseme ni dawa ya kazi. Jumatano akaleta jibu. Mzee alikuwa amesema hivi: "Kama yeye iko mkubwa, na vijana naletea yeye maji, mikono yake natafuta nini ndani ya dawa? Mkubwa nashika kalamu."

Wallahi, hata mimi ningesema hivyo hivyo. Uongo wangu ulikuwa umekaa mlangoni, ukweli hauna pa kupita. Njia ilikuwa moja: kwenda kusema mimi ni mwosha chupa. Na badala ya kwenda, Jumatano nilikaa ndani nikisugua mikono kwa jiwe la kisigino. Alhamisi nikapata wazo la kuvaa glovu, Arua, kiangazi. Nikajiambia majuma mawili si mengi, ngozi itajibadilisha, maneno yatakufa. Ijumaa jioni yule mama wa vitenge akapita tena, safari hii hakuwa na utani. Alisema vitu vyote vya uchumba vimetolewa ndani, vimepangwa mlangoni, na Jumapili vitarudishwa kwetu.

Hapo maji yalinifika shingoni. Yule msichana nilikuwa nampenda. Nilikuwa nampenda tangu siku nilipomsikia akibishana na mwuza mafuta juu ya kipimo, na kushinda. Jumamosi alfajiri nikachukua kichupa cheusi na chupa ya maji ya bahari, nikapanda lori kwenda Koboko.

Mzee alikuwa ametoka shambani kwake Midia, matope bado miguuni. Shangazi mtu, dada yake Mzee, alikaa kando yake, naye ndiye aliyekuwa msemaji wa mambo yetu yote. Mchumba wangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango, kama desturi inavyotaka. Niliona vidole vya miguu yake tu. Mbele ya pazia kulikuwa na sanduku la nguo na magunia ya sukari niliyoleta mwaka uliopita, tayari kurudi nilikotoka.

Nikaomba glasi mbili. Moja nikatia maji ya bahari, moja maji ya bomba la Koboko. Nikadondosha dawa. Ya bahari ikawa nyeupe pepepe, majirani waliochungulia wakasema, "Maziwa!" Ya Koboko ikaingia ukungu kidogo tu. Nikasema hiyo ndiyo chumvi inavyojulikana, na hiyo ndiyo dawa iliyonipaka. Kisha nikatoa yote. Kwamba sina ofisi. Kwamba nilikuwa naosha chupa na kukoroga. Kwamba mkubwa wangu alikuwa msichana.

"Na vijana nayoletea wewe maji?" Mzee akauliza.

"Mimi iko naletea wao, Baba."

"Na kapteni nauliza wewe chumvi?"

"Kapteni hapana jua jina yangu."

Mzee akazitazama zile glasi mbili. Halafu akanyoosha kidole gumba. "Weka hapa."

Nikadondosha tone. Akakitazama, safi kabisa. Akanitazama mimi. Nikasema, "Ngoja jua, Baba." Akakiweka kidole juani juu ya goti, tukakaa. Chai ikaletwa, tukanywa. Sijapata kuliomba jua namna ile maishani mwangu. Kwanza kikawa kahawia, halafu kikaanza kuiva. Mzee akaruka. "Dada! Tazama! Mimi nimeoa!" Akacheka mpaka akakohoa, akazunguka ua mzima akiwaonyesha watu kidole, akaagiza sanduku lirudishwe ndani. Nikavuta pumzi. Nikajiona nimepona.

Shangazi hakucheka. "Sisi naelewa," akasema. "Lakini wanawake kwa bomba hapana ona kidole ya Mzee. Maneno nazunguka kule. Kwenda, sema kule."

Bomba lilikuwa na foleni, ilikuwa saa ya kuteka maji ya jioni. Shangazi alinisimamisha kwenye saruji, mbele ya madebe na mitungi, akapiga makofi. Nikasema sina mke. Nikasema mimi si mkubwa wa meli, mimi ni mwosha chupa. Lo! Vicheko na vigelegele vile sijasikia hata harusini. Mmoja akatupa debe lake miguuni pangu. "Basi osha!" Nikaosha. La pili likaja, la tatu. Nilisuuza kila moja mara tatu, bila kudanganya, na wao wanahesabu kwa sauti. Nilianza hata kujisikia vizuri. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu, na adhabu yenyewe nyepesi.

Ndipo nikaona foleni inaachia nafasi. Mchumba wangu alikuwa amekuja na debe lake. Wanawake walitazamana, maana hakutakiwa kuwa pale mbele yangu kabla ya siku yetu. Shangazi aliangalia pembeni. Akaliweka debe chini, akasema, "Jumatatu. Wao nauliza mimi jina ya mke mwenzangu."

Nikaliosha mara tatu, nikampa. Akamwaga, akalirudisha.

"Jumanne. Ule rafiki nasuka nywele yangu ya harusi, nasema tungoje kwanza."

Nikaosha. Nikampa, akamwaga.

"Jumatano. Baba hapana kula."

Nikasema, "Samahani." Alingoja nimalize, akamwaga.

"Alhamisi mimi nasoma tena barua yako yote, moja moja. Natafuta wapi mimi nakosea."

Siku hiyo ya Alhamisi mimi nilikuwa Arua natafuta glovu. Nikaosha, maji yakanimwagikia miguuni, nikampa. Akalishika debe muda mrefu kuliko mara zote, halafu akaliweka mbele yangu taratibu.

"Ijumaa," akasema, "hakuna mtu nauliza mimi kitu."

Nikainama kulishika, nikashindwa. Nikalia pale pale kwenye saruji, afisa mzima wa bahari, mbele ya wanawake wote wa Koboko, makamasi yananitoka, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Yeye akaniangalia kidogo. Kisha akainama kando yangu, akaninyang'anya lile debe, akaliosha mwenyewe, mara tatu.